Jina Lililokaa Nyuma ya Shingo

Wenye umri wangu mnaijua harufu ya kibuyu kinapofukizwa. Unachukua kijiti chenye kaa la moto, unakitia ndani, unatikisa, na moshi unatoka na harufu ya maziwa ya zamani na mti wa porini. Mtu aliyekulia Isiolo akisikia harufu hiyo hahitaji kuambiwa yuko wapi. Juzi nilikuwa nimekaa kwa kibao nyuma ya nyumba nikifanya hivyo, maana mjukuu wangu Kendi anapenda maziwa lala ya kibuyu kuliko yale ya pakiti, na simu ikalia. Nikaishika kwa mkono wenye masizi.

"Shosho Nyambura, ni mimi Brayo," sauti ikasema. "Nimebadilisha laini, ile nyingine imepotea. Uko salama? Na Kendi ako hapo?"

Kila alichosema kilikuwa sawa. Mjukuu anayeitwa Brayo ninaye, Kendi alikuwa jikoni, na Nyambura ndiye mimi. Akaendelea kuniambia amekwama safarini, na kwamba kuna ujumbe utaingia kwa simu yangu sasa hivi wenye tarakimu, nimsomee zile tarakimu tu, basi. Nikamwambia ngoja, baba. Nikaweka simu juu ya jiwe pale kuku wanapodonoa, nikaendelea na kibuyu changu. Aliita "Haloo, Shosho, haloo" mpaka akachoka, na nafikiri jogoo alimjibu.

Kendi akatoka jikoni akicheka. "Shosho, ulijuaje si Brayo? Na amejua majina yetu yote."

"Ndiyo nikamjua," nikamwambia. "Brayo tangu azaliwe amewahi kuniita Shosho Nyambura? Yeye husema tu, 'Shosho, kuna chakula?'"

Kendi alirudi jikoni, lakini mimi nilibaki pale na kijiti kikazima mkononi. Ule moshi na ile sauti ya adabu vilikuwa vimenirudisha kwenye boma letu la zamani karibu na mto, siku ambayo mgeni mwenye jina zuri alikuja kuchukua ng'ombe wetu. Shule niliingia nikatoka mapema, kwa hivyo naandika pole pole na herufi zangu ni kubwa kama za mtoto. Lakini majina sijasahau hata moja.

Baba yangu aliitwa Mwangi. Alitoka upande wa pili wa mlima, kwa Wakikuyu, akaja Isiolo na mama yangu na mama yake mzazi, akafungua duka la mabati karibu na soko la mifugo. Aliuza majani ya chai, sukari, tumbaku, chumvi ya ng'ombe na shanga. Wateja wake walikuwa Waborana, Wasomali, Waturkana, Wameru wanaoshusha miraa, na wote aliwapenda, na wote aliwapigia hadithi. Baba hakujua kumpimia mtu sukari bila kumwambia jambo la nyumbani kwake. Mtu akija kununua chumvi Jumatatu, kufikia Jumanne watu wa Oldonyiro kule mbali walikuwa wanajua kwamba mtoto wa Mwangi ameota jino.

Nyanya yangu, mama yake baba, tulimwita Cucu. Jina lake lilikuwa Nyambura, na hilo ndilo nililopewa mimi, maana kwetu jina halitafutwi. Jina linamngoja mtoto. Msichana wa kwanza anachukua jina la mama ya baba yake, mvulana wa kwanza anachukua la baba ya baba yake, halafu wanaofuata wanaenda upande wa mama. Kwa sababu ya jina hilo baba aliniita "maitu", yaani mama yangu, na alikuwa akirudi jioni ananiuliza, "Maitu, umenipikia nini?" Nilikuwa bado sijabadilisha meno na tayari nilikuwa nimemzaa mtu mwenye masharubu. Jambo hilo nililichukua kwa uzito sana. Niliwahi kumkataza kwenda dukani bila sweta, na akarudi kulivaa.

Ndugu yangu mdogo aliitwa Njoroge, kwa jina la babu yetu aliyekuwa ameshafariki. Wakati huo alikuwa ndiyo anajifunza kutembea, na kazi yake kubwa ilikuwa kula udongo. Basi Cucu, mwanamke mkongwe, alikuwa akimwita yule mtoto "mume wangu", na Njoroge akiitwa hivyo anacheka udongo unamtoka mdomoni.

Na tulikuwa na Wairu. Wairu alikuwa ng'ombe mweusi tititi, mwenye macho ya mtu anayekusikiliza. Sisi ndio tuliokunywa maziwa yake, lakini hakuwa wetu. Alikuwa wa Gathogo. Gathogo ndiye aliyekuwa kifungua mimba wa Cucu, kaka mkubwa wa baba. Alikuwa ameondoka nyumbani akiwa kijana kwenda kutafuta kazi katika mashamba ya wazungu kule Bonde la Ufa, na habari zake zikakatika. Babu alipokuwa anakufa alisema ng'ombe fulani ni wa Gathogo, atunziwe. Ng'ombe huyo ndiye aliyemzaa Wairu. Baba alilisema jambo hili kwa kila mtu aliyemsifu Wairu: "Huyu si wangu, ni wa ndugu yangu Gathogo. Siku atakayokuja, au atakayomtuma mtoto wake, atamkuta kwa kamba yake." Alilisema kwa fahari, na watu wakamsifu kwa uaminifu, naye akalisema tena.

Siku ya mnada, jua likiwa kali na vumbi la mifugo limefunika mji mzima, baba akaja nyumbani mbio saa ambazo si zake, duka akiwa amelifunga. Nyuma yake alikuwa kijana mrefu mwenye kofia ya kaki na viatu vilivyopigwa rangi. Baba alikuwa akilia na kucheka kwa wakati mmoja.

"Mama," akamwambia Cucu. "Mama, toka nje uone. Muulize jina lake. Muulize."

Cucu akatoka jikoni akijifuta mikono kwa leso. Kijana akavua kofia, akainamisha kichwa kama mtoto aliyelelewa vizuri. "Naitwa Njoroge wa Gathogo," akasema. "Mimi ndiye kifungua mimba wake. Baba amenituma niwasalimie."

Cucu alimtazama kwa muda. Akamshika mkono, akamwambia karibu, ukae. Halafu akarudi jikoni bila kusema lingine. Mimi nilishangaa, maana Cucu hata mtu akimletea habari ya mbuzi aliyezaa alikuwa anapiga vigelegele.

Jogoo akachinjwa. Jirani yetu Mama Halima, mama wa Kiborana aliyekuwa akituletea maziwa ya ngamia, akaitwa aje aone mtoto wa Gathogo. Akasimama penye kivuli cha ukuta, akasalimia salaam aleikum, akaanza kumuuliza mgeni kwa taratibu za kwao: mvua imenyesha huko utokako? Nyasi iko? Mmeacha wazee salama? Mgeni akamjibu kila kitu ni kizuri. Mvua nzuri, nyasi nzuri, wazee wazuri.

"Hiyo nchi yenu haina hata mbu?" Mama Halima akamuuliza, na baba akacheka kupita kiasi.

Ndipo mgeni akasema alichokuja nacho. Baba yake Gathogo anaumwa miguu, hawezi safari. Anataka ng'ombe wake, apate kunywa maziwa ya nyumbani kabla ya kufa. Na kuna lori la mifugo linaloondoka sokoni kabla jua halijashuka, lenye nafasi ya ng'ombe mmoja. Baba hakungoja amalize. Alikuwa ameshasimama akitafuta kamba.

Nilikimbia jikoni nikajificha nyuma ya gunia la makaa, maana nilitaka kulia na sikutaka wanione. Wairu alikuwa rafiki yangu. Nani angenilamba mkono wenye chumvi? Na Njoroge wetu angekunywa uji wa nini? Nikiwa pale nikamsikia Cucu akimwambia mama yangu kwa sauti ya chini, huku akipuliza moto.

"Mama Nyambura, huyu kijana unamwonaje?"

"Ana adabu," mama akasema. "Na jina ni lile lile."

"Ndilo linalonisumbua. Jina liko sawa sana. Hata mimi nikitaka kujifanya mtoto wa Gathogo nitasema naitwa Njoroge. Mkikuyu yeyote atalijua hilo, akiambiwa tu mzee wangu aliitwa nani."

"Lakini si ndilo jina lake, mama? Mtoto wa kwanza wa Gathogo angeitwa nani tena?"

"Angeitwa hivyo kama mahari imetolewa. Gathogo alitoka nyumbani na shati moja. Na mama ya mtoto kama hajatolewa hata mbuzi, mtoto anapewa jina la watu wa nani?"

Mama akafikiri. "La watu wa mama yake."

"Haya."

Moto ukawaka. Mama akasema polepole, "Labda alipata mali huko, akalipa."

"Labda," Cucu akasema, na sauti yake ikabadilika. "Ndiyo maana nimefunga mdomo. Nikimfukuza na awe damu ya mtoto wangu, nitalala vipi? Lakini moyo wangu unaniambia lile jina la Njoroge limeibwa. Limeibwa mchana, na Mwangi anamtafutia kamba."

Wao walikuwa wanazungumza mambo ya wazee. Mimi nilisikia neno moja tu. Jina la Njoroge limeibwa.

Sasa, katika akili yangu ya wakati huo, jina lilikuwa kitu. Nilikuwa nimelichunguza jambo hili kwa muda mrefu na nikaamua kwamba jina hukaa nyuma ya shingo, kwa sababu mtu akiitwa hapo ndipo panapogeuka. Mbele hapawezi kuwa, maana pangekuwa na harufu ya chakula. Kwa hivyo nilipowasikia wakisema jina la Njoroge limeibwa, sikumfikiria mgeni wala babu wala mahari. Nilimfikiria ndugu yangu, aliyekuwa ameachwa peke yake nje na mtu mrefu mwenye kofia. Nikakumbuka yule mgeni alivyoinama kumshika kichwa alipofika. Kumbe ndipo alipolichukua.

Nikatoka jikoni kwa mlango wa nyuma. Njoroge alikuwa amekaa chini ya ukuta, amenipa mgongo, anachimba. Nikainama nikamwangalia nyuma ya shingo. Palikuwa na vumbi na vipele vya joto, basi. Jina halikuonekana. Nikamwita, "Njoroge." Hakugeuka. Nikamwita tena, "Njoroge wa Mwangi." Akatia udongo mdomoni na akaendelea na kazi yake.

Sijui kama nimewahi kuogopa vile tena katika maisha yangu, na nimezaa watoto saba. Nilimwona amekuwa mkubwa hana jina, mwalimu anaita darasani na yeye amekaa tu, kanisani hawezi kubatizwa, Cucu hana mume. Nikaamua nitalirudisha. Ningemfuata yule mtu nyuma, niliite lile jina mwenyewe, nione kama litamtoka shingoni lije.

Uani walikuwa wamesimama. Wairu alikuwa ameshafungwa kamba, na baba alikuwa anamfundisha mgeni jinsi ya kumwongoza bila kumvuta pua. Mgeni alikuwa ameinama akishika kamba, mgongo kwangu, ukosi wa shati umefunika shingo. Mama Halima alikuwa bado kivulini. Mama na Cucu walikuwa wametoka na chakula.

Nikasogea mpaka nikamfikia karibu sana. "Njoroge," nikasema.

Alikuwa anaangalia miguu ya Wairu.

"Njoroge," nikasema kwa nguvu, na hapa sauti ilinitoka kama ya Cucu akiita kuku.

Mgeni hakugeuka. Lakini nyuma yangu nikasikia vile vinyayo vya mtu anayejifunza kutembea, pa, pa, pa, na Njoroge wetu akatokea pembeni ya nyumba, kidevu chote udongo, mikono juu, anaitikia, "Eee."

Nikaruka. "Limerudi," nikawaambia. "Limerudi kwa mtoto. Huyu hana tena."

"Nini limerudi, maitu?" baba akauliza.

"Jina. Cucu amesema ameliiba. Nimeliita na yeye halikumgeuza, limemgeuza Njoroge."

Hapo mgeni akageuka, na akageuka vizuri sana, uso mzima tabasamu. "Ati mnaniita? Samahani, mawazo yalikuwa kwa ng'ombe."

Baba akaanza kuniombea msamaha, mtoto ni mtoto, mgeni asikasirike. Mama Halima akafunika mdomo kwa shuka lake. Cucu aliweka sinia chini, akamwambia mgeni, "Endelea, baba, shika hiyo kamba, lori lisikuache." Akamwacha ainame tena. Akamwacha afungue fundo, alifunge upya. Akapita nyuma yake kama anayekwenda kuchukua maji, na akamwita kwa ile sauti ambayo mama humwita mtoto wake, si kwa nguvu, ya karibu tu.

"Njoroge."

Mkono wa mgeni haukusimama hata kidogo. Fundo likafungwa. Ni Njoroge mdogo aliyeachia sketi ya mama na kumwendea Cucu akitaka kubebwa.

Kimya kile nakikumbuka hadi leo. Wairu alikuwa anatafuna. Mgeni alikisikia kile kimya baadaye kidogo, kama mtu anayesikia mvua imeacha, akainuka, akatuona sote tunamwangalia shingo.

"Jina ambalo mtu ameitwa tangu akiwa anatambaa," Cucu akamwambia, "hata akiwa usingizini atalisikia. Hata akiwa na hasira. Wewe nimekuita kwa sauti ya nyanya yako na hukujua anaitwa nani."

Mgeni akatazama mlango wa boma. Mama Halima, aliyekuwa mwanamke mpana, alikuwa amesogea akasimama hapo, anaangalia juu kama anayetafuta mawingu.

"Mama," mgeni akasema mwishowe, akaiacha kamba ianguke, "nimeshindwa."

Baba akamshika ukosi. Alitaka kumpeleka kwa chifu, alitaka kumpeleka sokoni watu wamwone, alitaka mambo mengi kwa pamoja, na machozi yalikuwa yanamtoka, maana kwa muda mfupi alikuwa amepata ndugu. Alimuuliza habari za Gathogo amezitoa wapi. Mgeni akamwangalia kwa mshangao wa kweli.

"Kwako," akasema. "Asubuhi nilikuja dukani nikanunua tumbaku. Ukaniambia yote. Sikukuuliza hata neno."

Mama Halima akashindwa kujizuia. Alicheka mpaka akashika nguzo ya mlango. "Mwangi," akamwambia, "wewe mwizi akija kwako anapewa na mwongozo. Kwetu mgeni hafiki kwa ng'ombe kabla hajachoka kuulizwa. Wewe ndiye umechoka kujibu na yeye hajauliza."

Baba akamwachilia yule mtu. Na hapo ndipo Cucu akafanya jambo ambalo nimelifikiria miaka yote. Alichukua ile sinia ya kuku aliyechinjiwa mjukuu, akaishika kifuani.

"Chakula hiki kimepikiwa mtoto wa Gathogo," akasema. "Kwa jina hilo huwezi kukila. Lakini njaa unayo, nimeona ulivyokuwa ukinusa. Sema jina lako mwenyewe, ukae, ule kama mgeni yeyote."

Kuvuliwa uongo hakukumtia yule kijana aibu kama ombi hilo. Halafu akalisema jina lake, chini chini, la kwake na la baba yake. Lilikuwa jina la kawaida tu, na nalikumbuka, lakini naamini ana watoto na wajukuu mahali, siwezi kuliandika. Cucu akalirudia mara moja kwa sauti, kuhakikisha, na yule kijana akageuka, haraka sana, kama mtu aliyeguswa. Wote tukaona. Hata yeye mwenyewe akacheka. Akakaa chini akala kuku karibu mzima, akanawa, akashukuru, akaondoka akivaa kofia yake, na Wairu akabaki palepale na kamba yake.

Jioni hiyo baba hakurudi dukani. Alikaa kwenye kigoda karibu na moto, mzito kama gunia lililolowa, mpaka Cucu akamwonea huruma.

"Usilie, Mwangi. Hata mimi nilitaka awe yeye," akamwambia. "Mtoto wa Gathogo akija, pengine atakuja na jina ambalo hatujawahi kulisikia, na sisi tutampa maji na kumuuliza polepole. Huyu wa leo alikuja na jina la kila mtu. Majina yetu yako sokoni. La baba yako liko huko, la mtoto liko huko, hata la ng'ombe. Umeyapima yote na sukari."

"Sasa nifanye nini, mama? Nifunge mdomo na waya?"

"Hapana. Tutapata majina ambayo hayatoki mlangoni."

Akatuita mmoja mmoja. Akaweka mkono wake wenye joto la jiko nyuma ya shingo ya kila mtu, akamnong'oneza jina, halafu akalitaja kwa sauti ili sisi wa ndani tulijue. Mama yangu alipopewa lake alifunika uso kwa leso na mabega yakaanza kutetemeka kwa kicheko. Njoroge akapewa lake akiwa amelala kifudifudi. Wairu naye akapewa, tukaenda wote zizini kumwambia, kwa sababu Cucu alisema yeye ndiye aliyekuwa anaibiwa. Baba alipopewa lake akakataa kabisa.

"Mama, hilo siwezi. Mimi ni mtu mzima mwenye duka."

"Ndilo lako. Lizoee."

"Nibadilishie."

"Maitu," Cucu akaniambia mimi, akikusudia, "mwambie mtoto wako apokee jina."

Nikamwambia apokee, naye akapokea, na tukacheka hadi mama akalazimika kutoka nje kuvuta hewa. Tukapewa na sheria. Majina yale hayasemwi dukani, hayasemwi kanisani, haambiwi rafiki hata akiapa. Mtu akija siku yoyote na kusema ametumwa na mmoja wetu, hata akiwa na machozi, hata akiwa na haraka, na hasa akiwa na haraka, anaulizwa jina la ndani la huyo aliyemtuma. Nikamuuliza Cucu kama jina hili nalo hukaa nyuma ya shingo. Akanijibu kwamba hili ni jingine, hukaa chini ya ulimi, na mtu akifunga mdomo haliwezi kutoka. Nikafunga mdomo hapo hapo. Ilibidi wanibembeleze ndipo nikanywa maziwa.

Gathogo hatukumwona tena, na Cucu alikuwa na siku zake za kumkumbuka. Lakini majina yale tuliishi nayo, na watoto wangu nimewapa yao, na wajukuu, kila mmoja kwa mkono shingoni kama nilivyowekewa. Yote nayakumbuka, ya walio hai na ya waliotutangulia, na hapa siandiki hata moja.

Kesho yake asubuhi nilimsindikiza baba dukani, maana kama mama yake niliona si vizuri aende peke yake. Alifungua milango, akapangusa mizani. Mteja wa kwanza alikuwa Mama Halima. Akaegemea kaunta na mikono yote miwili, akataka sukari.

"Mwangi," akasema, "jana usiku kicheko chenu kilifika mpaka kwangu. Ng'ombe wangu hawakulala. Mlikuwa mnacheka nini?"

Baba alikuwa ameshika kijiko cha kupimia. Nikamwona anavuta pumzi, ile pumzi yake ya kuanzia hadithi, masharubu yakainuka, mdomo ukafunguka. Nikiwa juu ya gunia la chumvi nikamtazama. Akanitazama.

Akafunga mdomo. Akapima sukari, akaifunga kwa karatasi, akakunja pembe zote nne kwa uangalifu, akamkabidhi.

"Tulikuwa tunacheka tu," akasema.

Mama Halima akamwangalia usoni, kisha akaniangalia mimi, kisha akamwangalia tena baba. Akanyoosha mkono juu ya kaunta, akamgusa kipaji cha uso kwa mgongo wa kiganja, kama mtu anayempima mtoto homa.